Mercedes W13: milimita chache kati ya sakafu na lami

Mercedes iliingia msimu wa 2022 wa Formula 1 ikiwa bingwa wa watengenezaji mara nane mfululizo, 2014 hadi 2021. Kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia wa Bahrain, mbio za kwanza tu, Lewis Hamilton aliachwa sekunde 0.680 na Charles Leclerc wa Ferrari. Wiki iliyofuata, Jeddah, alitolewa raundi ya kwanza ya mchujo akiwa wa 16. Mbio za nne, Imola, alimaliza wa 13, na Max Verstappen wa Red Bull alishampita mzunguko mzima. Dereva ni yuleyule na karakana ni ileile ya Brackley, Uingereza. Kilichobadilika ni gari, W13.

Watazamaji wengi walimpata mchawi siku ya kwanza. Kwenye majaribio ya Barcelona, Februari, W13 ilikuwa na mbavu za kawaida, yaani yale masanduku ya pembeni yanayobeba rejeta. Tarehe 10 Machi, kwenye majaribio ya Bahrain, ikatoka na mbavu zilizokondeshwa hadi karibu hazipo, na nguzo ya juu ya kinga ya ajali ya ubavuni ikabaki nje, imevishwa umbo la bawa dogo na kubebeshwa kioo cha pembeni. Hakuna timu nyingine iliyofanya hivyo. Kwa hiyo gari lilipoanza kurukaruka, kila kidole kilielekezwa kwenye mbavu.

Mbavu zilionewa. Zilikuwa na makosa yake, tutayafikia, lakini ugonjwa wa W13 ulikuwa chini ya gari, mahali ambapo kamera haifiki. Lilichorwa ili liwe na kasi likiwa limelala karibu kabisa na lami, na kimo hicho ndicho lilichoshindwa kukitumia.

Kanuni mpya, sakafu mpya

Tangu 1983 magari ya Formula 1 yalilazimishwa kuwa na sakafu bapa. Mwaka 2022 kanuni zikarudisha mifereji miwili mikubwa chini ya gari, kulia na kushoto. Hewa inaingia mbele kwenye mdomo mpana, inabanwa kwenye koo jembamba katikati, halafu inaachiwa nyuma kwenye difyuza inayopanuka. Ikipita kooni inaongeza kasi, shinikizo lake linashuka, na gari linanyonywa kuelekea lami. Huo ndio mgandamizo: nguvu inayolibana gari barabarani bila kuliongezea uzito, ili tairi zishike kwenye kona.

Mgandamizo huo una tabia mbili za kukumbuka. Ya kwanza, unakua kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 310, kasi haijafika hata mara mbili, lakini mgandamizo umekaribia mara tatu. Ya pili, sakafu ikisogea karibu na lami mnyonyo unaongezeka, mpaka ifike mahali nafasi iliyobaki ni ndogo mno kwa hewa kupita.

Hapo ndipo anapozaliwa pomboo, jina la utani la mruko huu. Gari liko kwenye njia iliyonyooka na kasi inapanda. Mnyonyo unalishusha, na kadiri linavyoshuka mnyonyo nao unazidi, hivyo linashuka tena. Kisha hewa inakabwa chini ya sakafu, inaachana na kuta za mifereji, na mgandamizo unakatika ghafla. Springi na tairi zilizokuwa zimebanwa zinalirusha gari juu. Likiinuka hewa inapata njia, mnyonyo unarudi, na safari inaanza upya. Hayo yote yanatokea takriban mara tano au sita ndani ya sekunde moja. Ukilitazama kwa pembeni, nyuma ya gari inazama na kuibuka kama pomboo anayesindikiza jahazi, na kofia ya dereva inatingishika kiasi kwamba unajiuliza anaonaje alama ya kufunga breki.

Jambo lenyewe si geni. Magari ya mwishoni mwa miaka ya 1970, enzi ya Lotus 79, yaliugua hivyohivyo. Ila wahandisi wa 2022 walikuwa wametumia maisha yao ya kazi kwenye sakafu bapa, na kanuni mpya ziliwanyang'anya dawa mbili za kutuliza. Inata, kile kifaa kinachopinga mtikisiko wa springi, kilipigwa marufuku pamoja na mifumo ya haidroliki iliyounganisha sehemu za sasipensheni. Na tairi za Pirelli zikahamia ringi ya inchi 18, ambayo ukuta wake wa mpira ni mfupi na mgumu. Ukuta mrefu wa zamani ulikuwa unameza sehemu ya mtikisiko. Huu mpya unaupitisha.

Kwa nini Brackley hawakuliona

Swali hili ndilo linaloumiza. Timu yenye handaki lake la upepo, ambamo kielelezo cha gari hupulizwa hewa, na watu wa hesabu wa kutosha, inakosaje kuona gari litaruka?

Kanuni zinaruhusu kielelezo kisichozidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari, na upepo usiozidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni jinsi kielelezo kinavyoshikwa. Kinaning'inizwa kwa mkono wa chuma kutoka juu, na mota ndizo zinazokipandisha na kukishusha hadi kimo kilichoamriwa. Hakikai juu ya springi zake. Pomboo anahitaji vitu vitatu vifanye kazi pamoja: hewa inayobadilika, uzito wa gari, na springi pamoja na tairi zinazorudisha nguvu. Handakini kuna kimoja tu. Kielelezo kikiambiwa tulia kwenye kimo fulani kitatulia, kitatoa namba nzuri ya mgandamizo, na mhandisi ataiandika kwa furaha.

Hesabu za kompyuta nazo kwa kawaida huchukua gari lililosimama kwenye kimo kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Zinatoa ramani: kimo hiki, mgandamizo huu. Ramani ya W13 ilionyesha hazina kubwa kwenye vimo vya chini kabisa. Timu ikajenga gari la kwenda kuichukua. Kwenye lami halisi, kabla ya kukifikia kimo hicho, gari lilikuwa tayari linaruka.

Kwa hiyo wakalazimika kuliinua, na kila milimita waliyoinua ilikula mgandamizo ambao kwenye simuleta ulikuwepo. Magari ya wapinzani, Red Bull hasa, hayakutegemea kulala chini kiasi hicho ili yafanye kazi, hivyo yalipoinuliwa kidogo hayakupoteza sana. Pengo la mwanzoni mwa msimu linajieleza hapo kuliko kwenye umbo la mbavu.

Dawa na madhara yake

Fundi aliyepewa gari linaloruka ana njia chache, na kila moja ina gharama.

Ya kwanza ni kuinua kimo. Inafanya kazi papo hapo, na inapunguza kasi papo hapo.

Ya pili ni kukaza springi, hasa ile ya katikati inayobeba gari linaposhuka mzimamzima. Ikiwa ngumu vya kutosha, mnyonyo hauwezi kuivuta sakafu hadi pale hewa inapokabwa. Lakini springi hiyohiyo inatumika kwenye kona za polepole na kwenye kingo za barabara. Gari linakuwa kama mkokoteni: kila kijibonde kinapanda moja kwa moja hadi mgongoni kwa dereva, na tairi inaruka badala ya kukanyaga.

Ya tatu ni kuikaza sakafu yenyewe. Ukingo wa sakafu wa nyuzi za kaboni ukipinda kwa mnyonyo, unaziba mwanya wa pembeni na kuchochea mruko. FIA, shirikisho linalosimamia kanuni za mbio, iliruhusu mapema kila upande uwekwe kishikizo chembamba cha chuma kinachounganisha ukingo na mwili wa gari.

Ya nne ndiyo inayogusa chanzo: kuchora upya sakafu ili mgandamizo usiongezeke kwa pupa gari linaposhuka. Unakata sehemu ya ukingo hewa ivuje, unabadilisha mapazia ya mdomoni, unainua koo. Kwa makusudi unatupa mgandamizo wa kilele ili upate ule unaotumika. Kwa mtu wa erodinamiki, yaani mwendo wa hewa, aliyehangaika miezi kuupata, hilo ni kama kumwaga maziwa.

Mercedes ilifanya zote nne, na haikuzifanya kwa mpangilio mzuri. Miami, mwezi Mei, walileta vifaa vipya pamoja na mpangilio wa bawa la nyuma wenye ukinzani mdogo wa hewa. George Russell, dereva mwenzake Hamilton, akaongoza mazoezi ya pili ya Ijumaa. Jumamosi, kwenye mchujo, akaanguka hadi nafasi ya 12. Hiyo ndiyo ilikuwa W13 ya miezi ya mwanzo: dirisha lake la kufanya kazi lilikuwa jembamba mno, ukikosea kidogo tu umetoka nje.

Faida ya Ijumaa ya Miami ilikuwa takwimu. Kwa mara ya kwanza walikuwa na siku moja gari likifanya kazi na siku nyingine likikataa, kwenye barabara ileile. Barcelona, Mei 22, sakafu ilipoboreshwa, mruko kwenye njia ndefu ulipungua waziwazi. Russell akamaliza wa tatu. Hamilton aligongana na Kevin Magnussen mzunguko wa kwanza, akapasuka tairi, akashuka hadi mkiani, kisha akapanda hadi wa tano. Wengi walidhani ugonjwa umeisha.

Haukuisha, ulibadilika sura. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mruko wa pomboo unatoka kwenye hewa. Kudunda kunatoka kwenye barabara yenye mabonde ikikutana na springi ngumu na sakafu iliyolala chini. Barcelona ni lami laini, kwa hiyo dawa ya hewa ilitosha. Monaco na Baku ni mitaa ya watu, ina viraka na mifuniko ya mitaro, na hapo gari lilidunda vibaya kuliko mwanzo. Kwa mtazamaji, vyote viwili ni gari linalotikisika. Kwa fundi, dawa ya kimoja ndiyo sumu ya kingine: umekaza springi kumzuia pomboo, sasa springi hizohizo zinampiga dereva.

Baku, Juni 12, ina njia ya zaidi ya kilomita mbili bila kuachia mafuta. Hamilton alishika nafasi ya nne, na picha zake akijivuta kutoka kwenye gari huku ameshika mgongo zikazunguka dunia nzima. Bosi wa timu, Toto Wolff, alimwomba radhi redioni. Russell alikuwa wa tatu, sekunde 45 na ushei nyuma ya Verstappen, tena baada ya Ferrari zote mbili kuharibika.

FIA yaingilia

Siku chache baadaye, kabla ya mbio za Kanada, FIA ilitoa waraka wa kiufundi uliokuja kujulikana kama TD039. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama na afya ya madereva. Waraka ulifungua mlango wa kishikizo cha pili cha sakafu, na Mercedes ikaonekana nacho kwenye mazoezi ya Ijumaa ya Montreal. Wapinzani wakauliza: mmekipata wapi haraka hivyo? Kishikizo kikatolewa kabla ya mchujo.

Sehemu nzito ya TD039 ilianza kutumika Spa, Ubelgiji, mwishoni mwa Agosti. Ilikuwa na mambo mawili. Kwanza kipimo cha mtikisiko wa wima, kinachokokotolewa kutoka kwenye sensa za mwendo za gari, chenye ukomo wa jouli 10 kwa kilo kwa kila kilomita 100. Gari likizidisha, timu inalazimika kuliinua. Pili, ubao ulio chini ya gari, wenye unene wa milimita 10 ukiwa mpya, ulibanwa usipinde zaidi ya milimita 2 kwenye matundu yake ya kupimia.

Ilisemekana sana kwamba waraka huo uliikoa Mercedes. Matokeo hayaungi mkono. Kabla yake, Ufaransa, walishika nafasi ya pili na ya tatu. Hungary, Russell aliongoza mchujo kwa sekunde 0.044 mbele ya Carlos Sainz. Kisha kwenye Spa yenyewe, wikendi ya kwanza ya waraka, Hamilton aliachwa sekunde 1.838 na Verstappen kwenye mchujo. Wiki moja baadaye Zandvoort, Uholanzi, wakawa wanawinda ushindi, na Russell akamaliza wa pili.

Kilichotofautisha Spa na Zandvoort ni ukinzani wa hewa. Zandvoort ni kona juu ya kona. Spa ni njia ndefu za kupanda. Ili kufidia mgandamizo uliopotea sakafuni, Mercedes ilibeba bawa la nyuma kubwa, na bawa la nyuma linatoza ushuru mkubwa kuliko sakafu: kila kilo ya mgandamizo unayoipata huko unailipia kwa kasi kwenye njia iliyonyooka. Angalia pia Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na ukinzani unapungua: Hamilton wa pili. Interlagos, Brazil, iko kwenye mwinuko wa kiasi, ina kona nyingi za kasi ya wastani: Russell akashinda mbio fupi za Jumamosi, na Novemba 13 akashinda mbio kubwa, Hamilton nyuma yake. Ndio ushindi pekee wa W13 kwenye mbio 22.

Msimu uliisha Mercedes ikiwa ya tatu kwa pointi 515, Ferrari 554, Red Bull 759. Hamilton alimaliza msimu bila kushinda kwa mara ya kwanza tangu aanze Formula 1 mwaka 2007.

Kuna jambo la kutoliruka hapa. Marekebisho haya yalifanyika ndani ya mipaka miwili iliyokaza. Ukomo wa matumizi ulianzia dola milioni 140, na kila sakafu mpya ni pesa nyingi za nyuzi za kaboni na saa za mafundi. Na kwa kuwa Mercedes ndiye aliyekuwa bingwa wa 2021, nusu ya kwanza ya 2022 ilipewa asilimia 70 tu ya kiwango cha msingi cha muda wa handaki la upepo. Kiwango hicho kilikuwa majaribio 320 kwa kipindi, wao wakabaki na 224. Timu iliyomaliza ya mwisho ilikuwa na asilimia 115. Ndiyo maana gari la Hamilton liligeuzwa maabara siku za Ijumaa: jaribio ambalo huna nafasi ya kulifanya handakini unalifanya barabarani, na dereva ndiye anayelipa kwa muda wa mazoezi.

Baada ya W13

Mwaka 2023 kanuni ziliinua kingo za sakafu kwa milimita 15. Hilo lilipunguza mruko kwa timu zote. Mercedes ikaja na W14, bado na mbavu nyembamba, ikiamini kwamba wakishaufunga mruko ile hazina ya vimo vya chini itafunguka. Baada ya mchujo wa Bahrain tu Wolff alikiri hadharani kwamba dhana ya gari si sahihi. James Allison alirudi kwenye kiti cha mkurugenzi wa ufundi mwezi Aprili, akibadilishana na Mike Elliott, na Monaco, mwezi Mei, gari likavikwa mbavu pana, sakafu mpya na sasipensheni mpya ya mbele.

Kosa halisi la mbavu linaonekana hapo. Mbavu pana zinasaidia kusukuma nje hewa chafu inayotoka kwenye tairi za mbele, isiingie ukingoni mwa sakafu. Mbavu za W13 ziliacha eneo kubwa la sakafu wazi, likitegemea hewa hiyo isukumwe na vifaa vingine, na sakafu pana iliyo wazi ni ngumu kuikaza isipinde. Hazikuwa chanzo, lakini zilimnyima fundi nafasi ya kurekebisha chanzo. Mbio zilizofuata, Hispania, Hamilton na Russell walikuwa wa pili na wa tatu. W14 ilimaliza msimu nafasi ya pili kwa pointi 409 dhidi ya 406 za Ferrari, bila ushindi hata mmoja.

Na kile kimo hakikuacha kuwadai. Austin, Oktoba 22, 2023, Hamilton alimaliza wa pili, karibu kabisa na Verstappen, kwenye wikendi ya mbio fupi ambapo timu zilikuwa na mazoezi ya saa moja tu kabla ya mipangilio kufungwa. Barabara ya Austin ina mabonde. Mercedes ilichagua kimo siku ya Ijumaa, na kufikia jioni ya Jumapili wakaguzi walipima ubao wa chini ya gari. Ubao wa milimita 10 unaruhusiwa kulika hadi 9. Wa Hamilton ulikuwa umelika kupita hapo, wa Leclerc vilevile, na wote wawili wakafutwa kwenye matokeo.